Naombeni ushauri wa dhati: niache uraia wa Tanzania ili niweze kumuuguza mama Tanga?

BintiMakorora:
Wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu. Uzi ni mrefu mnivumilie, hili jambo sina pa kulisemea, ndugu zangu wa huku kila mmoja ashachagua upande na wa nyumbani wengine wanadhani natafuta sifa.

Mie mzaliwa wa Tanga, Bombo ndo nilipozaliwa, Makorora ndo nilipokulia. Ujerumani nimekuja 2014 kwa mwaka mmoja wa kujitolea kwenye nyumba ya wazee, nikaingia chuo cha uuguzi, nikapata kazi, niko Bremen mpaka leo na nina kibali cha kudumu. Nina mtoto wa miaka 4, baba yake Mjerumani, tuliachana kwa wema. Huyu mtoto ana uraia wa huku kwa baba na wa kwetu kwangu, sheria yetu inamruhusu zote mbili mpaka afike miaka 18 ndo achague. Yeye Tanga kaiona mara mbili tu.

Sasa kilichonileta. Mama yangu alipata kiharusi Oktoba 2024, upande wa kushoto ukalala. Nikaomba likizo isiyo na malipo, Novemba nikawa nyumbani. Nyie, mie kazi yangu ndo hiyo ya kunyanyua wazee wa watu, kuwageuza, kuwafundisha kushika kijiko upya, miaka yote nawafanyia wengine, nikasema safari hii zamu ya mama. Asubuhi namkalisha barazani, namfunga kanga mkononi fundo legeze, namwambia alifungue kwa vidole vya kushoto. Wiki tatu za mwanzo hakuna kitu, anaangalia tu fundo na machozi yanamtoka. Mwezi wa pili kidole gumba kikaanza kusogea. Mwezi wa nne akalifungua, lote, akanirushia kanga usoni akacheka, cheko lile la zamani kabisa, jirani akaja mbio kuuliza kuna nini.

Mwezi wa tano nikaondoka. Kibali changu cha kudumu, nikikaa nje ya Ujerumani miezi sita kinakufa chenyewe, hakuna barua wala onyo, unafika uwanja wa ndege huna kibali. Nina kazi, nina mtoto, nikaogopa. Nilimwacha mama anaanza kusimama kwa fimbo. Akaniambia, mwanangu, hawakukosea waliosema Tanga waja leo waondoka leo, sikujua na weye utakuwa miongoni mwao. Hakusema kwa ubaya, ila hilo neno silimezi mpaka leo. Dada anayemwangalia ana watoto wake na genge lake la kusimamia, mazoezi yakawa leo yapo kesho hayapo, sasa naambiwa mkono umeanza kurudi kukaza.

Ndo nikaanza kuwaza uraia wa huku. Nikiwa raia hakuna cha miezi sita, nakaa Tanga hata mwaka, miwili, nikirudi nafunguliwa mlango. Wajerumani walibadilisha sheria yao, tangu tarehe 27 Juni 2024 hawakutaki tena uache uraia wa kwenu, na miaka ya kukaa imeshuka toka 8 hadi 5. Mtihani wa maswali 33 nimeshafaulu (unatakiwa upate 17 tu), lugha ninayo, ada euro 255, fomu iko mezani kwangu tangu Ramadhani.

Kwa hiyo Mjerumani hanidai niache chochote, anayedai ni kwetu. Na nikishakuwa Mjerumani, nikienda kumuuguza mama ntaingia kwa viza ya dola 50 ya siku 90! Yaani natafuta karatasi ya kukaa zaidi na mama, na karatasi yenyewe inanifanya mgeni kwa mama. Pia nina kiwanja Pongwe, hati iko jina langu, nilikinunua kwa pesa ya zamu za usiku. Mama nilipomgusia aliuliza kitu kimoja tu, sasa siku ukifa utakuwa wa wapi. Sikuwa na jibu.

Msinitukane tafadhali. Nataka kusikia waliopita njia hii.

Mgosi_wa_Chumbageni:
Pole sana dada na mama Mungu amjaalie. Kitu kimoja nikurekebishe maana kinapotosha wengi, wewe huhitaji hata kuukana. Sheria ya Uraia ya 1995 inasema mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake basi wa Tanzania unakatika palepale. Kuukana kwa fomu ni jambo jingine. Kwa hiyo usije ukadanganywa na mtu kwamba chukua tu hiyo ya pili na hii kaa nayo kimya. Nawajua wanaofanya hivyo, wanaingia na hii wanatoka na ile, siku ikibumburuka ni kesi na ni aibu mbele ya watoto.

BintiMakorora:
Asante kaka. Hilo la kukaa kimya nishaambiwa na watu kama watano na nimekataa. Siwezi kwenda kumuuguza mama huku nina siri mkobani.

Mwana_Raskazone:
Dada soma hii taratibu, sijawahi kuiandika popote.

Mimi nilichukua uraia wa Uingereza 2009. Sikuwaza mara mbili, kazi niliyokuwa naitaka ilitaka uraia, nikasaini, nikaapa, tukala keki ofisini. Nilikuwa na viwanja viwili Tanga, kimoja kule Mwambani karibu na bahari. Kwa sababu ardhi yetu yote ni ya umma chini ya Rais na Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, nikamwandikisha kaka yangu. Tumbo moja, hatujawahi kugombana. Kaka akafariki ghafla. Sikumlaumu shemeji wala watoto, wao wanaona jina la baba yao kwenye hati, mimi nina nini cha kuonyesha? Meseji za simu. Nilikaa kikao cha ukoo siku mbili, mzee mmoja akasema huyu si raia, tunajadili naye nini. Nilimwangalia yule mzee, ndiye aliyenifundisha kuogelea.

Kiwanja kimoja nilipewa kwa huruma, cha Mwambani kikauzwa. Kilichoniuma ni lile neno.

Lakini niwe mkweli pia, mambo yamesogea. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho kwenye Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi kuleta hadhi maalumu kwa sisi wenye asili ya Tanzania tulio na uraia wa nje, ili tuweze kuingia na kukaa na kumiliki ardhi kwa jina letu. Ingekuwepo 2009 nisingemtwika kaka yangu mzigo ule. Ila usiichanganye na uraia, kura haimo, na unapewa kwa kuomba. Haki ya kuzaliwa haiombwi.

Kwahiyo ushauri wangu ni kwamba usisaini kwa haraka ya mwezi huu. Mimi nilisaini kwa haraka.

BintiMakorora:
Kaka yangu nimesoma mara tatu. Pole. Huyo mzee wa kuogelea ameniliza.

Mkwakwani_Jukwaa_la_Jua:
Mi naona tofauti wadau na naongea kama mtu niliye hapahapa Tanga, sijawahi kutoka hata Nairobi. Sisi tulioko huku hatukuoni msaliti dada. Mama mgonjwa anataka mikono yako, hataki rangi ya paspoti. Hiyo kura unayosema mtaikosa, mkiwa nje si hampigi hata sasa hivi? Kama uraia wa huko unakupa kukaa na mama mwaka mzima na ukirudi kazi ipo na mwanao ana shule, chukua, halafu omba hiyo hadhi maalumu, kaa barazani kwa mama yako mfungue mafundo ya kanga. Mama yangu alikufa na kiharusi 2019, nilikuwa naye kila siku ila sikujua hata kumgeuza kitandani, akatoboka vidonda mgongoni. Ningekuwa na dada mwenye ujuzi wako ningemwambia hata uwe raia wa mwezini njoo tu.

DadaWaPangani:
Nimekuwa nasoma tu lakini hapa lazima niandike kwa sababu naona binti anaenda kukata mguu kwa sababu ya kiatu.

Mimi niko Hamburg miaka mingi, nafanya kazi ya kusaidia wahamiaji na makaratasi yao. Binti, swali lako umeliweka mahali siyo. Umesema nachukua uraia kwa sababu ya miezi sita. Basi tuanze na hiyo miezi sita.

Hiyo sheria ya miezi sita ina mlango ambao wengi hawaujui. Inasema miezi sita AU muda mrefu zaidi utakaopangiwa na ofisi ya wageni. Maana yake kabla hujapanda ndege unaandika barua, unaeleza naenda kumuuguza mama, unaambatanisha karatasi za daktari, unaomba wakuandikie muda mrefu zaidi. Safari ya sababu ya muda kama hiyo ndo hasa iliyokusudiwa. Wakikubali unapewa kwa maandishi na kibali chako hakifi. Unaomba KABLA, ukishatoka miezi sita ikapita huna cha kuomba tena.

Halafu kuna kibali kingine, Daueraufenthalt-EU. Ni ukaazi wa kudumu wa Umoja wa Ulaya. Huo unavumilia miezi 12 mfululizo nje ya Umoja, na ukirudi hata kidogo katikati hesabu inaanza upya. Masharti yake wewe nadhani unayo yote: miaka 5 ya kukaa kihalali, kipato cha kujitegemea, michango ya pensheni miezi 60, lugha kiwango cha B1, nyumba ya kutosha. Muuguzi wa tangu enzi hizo miezi 60 umeshaipita.

Na la tatu. Mwenye kibali cha kudumu kama chako akishafikisha miaka 15 ya ukaazi halali huku, na kipato chake cha kuishi kipo, kibali hakifi tena kwa sababu ya kukaa nje. Umekuja 2014. Piga hesabu mwenyewe.

Uraia ni mzuri, sikukatazi, mimi mwenyewe kila mwaka naufikiria. Lakini usiuache wa kwenu kwa tatizo ambalo barua moja ingelitatua.

BintiMakorora:
Dada Wa Pangani shikamoo. Nimekaa chini. Ina maana mwaka jana ningeandika barua ningebaki?

DadaWaPangani:
Marahaba mwanangu. Siwezi kukuhakikishia wangekubali, ila ungekuwa na haki ya kuomba. Hukuambiwa na mtu, usijipige.

BintiMakorora:
Mwezi wa tano mkono ulikuwa umefunguka. Nipeni dakika.

Mdigo_wa_Vanga:
Poleni ndugu zetu wa upande huo. Mimi niko Kenya, Vanga, hapo ukivuka Horohoro na Lunga Lunga tu. Nyanya yangu mzaa mama kazikwa Moa upande wenu, babu kazikwa Vanga upande wetu, sisi Wadigo mpaka ulipitishwa katikati ya mji wa mtu mmoja. Nasoma huu uzi nashangaa vile bahati ilivyogawanywa. Mimi niko na zote mbili, ya Kenya na ya Kanada. Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 16 inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua mwingine. Na waliokuwa wamepoteza kabla ya hapo waliruhusiwa kuomba kurudishiwa. Kitu tu unaambiwa ujulishe serikali ndani ya miezi mitatu kwamba umechukua ya pili, ukinyamaza hapo ndio kosa.

Sasa binamu yangu wa Moa, tumelelewa pamoja, tulikwenda Kanada mwaka mmoja. Yeye mpaka leo anafanya upya kibali, anakataa kuchukua uraia kwa sababu ya shamba la minazi la mamake. Ni mtu na binamuye, mkondo wa maji tu kati yao. Uganda nao waliruhusu 2009. Mimi kila nikiingia Tanga kwa bajaji kununua dagaa najiuliza hili neno nyinyi mtalimaliza lini.

Mgosi_wa_Chumbageni:
Kaka wa Vanga hilo swali tumelisema sana, tangu enzi ya rasimu ya Katiba mpya watu wa nje walilia na uraia pacha, ikaishia kwenye hadhi maalumu. Hofu ya wakubwa ni usalama na uaminifu, kwamba mtu mwenye nchi mbili siku ya shida atakimbilia wapi. Mimi binafsi siikubali hiyo hofu, ila siidharau, ina historia yake. Humu nadhani kuna wazee wanaijua kuliko mimi.

Mzee_wa_Barabara_ya_Nane:
Hamjambo wanangu. Nimesomewa na mjukuu na yeye ndiye anayeniandikia.

Mimi mzaliwa wa Ngamiani, nilikuwa kijana mdogo wakati wa Uhuru. Mnaposema uraia mimi naona duka moja la vitambaa la Mhindi jirani yetu, mlango wa bluu, ngazi mbili za saruji, mama yangu akikopa khanga pale mpaka mwisho wa mwezi. Uhuru ulipokuja 9 Desemba 1961 sheria ilisema aliyezaliwa hapa na mzazi wake mmoja naye kazaliwa hapa huyo raia moja kwa moja. Wengine walipewa miaka miwili wajiandikishe, mpaka Desemba 1963. Kwenye nyumba ile ya duka yule baba alizaliwa Gujarat akabaki na paspoti ya Mwingereza, na mtoto wake mkubwa, ambaye naye alizaliwa hukohuko akaja hapa mdogo, akaenda akajiandikisha. Baba na mwana hawakula sahani moja kwa muda mrefu kwa ajili ya hilo. Baba akisema Mwingereza ni mti mkubwa, mwana akisema mimi kivuli changu ni hapa.

Basi 1968 Mwingereza akabana mlango. Wenye paspoti zake wa Afrika Mashariki wakaambiwa mpange foleni kwa vibali, siyo kuingia tu. Nilimwona yule baba kakaa kwenye ngazi ya duka ameshika kile kitabu chake, anakifungua anakifunga. Na 1971 nyumba zilipotaifishwa, ile ya thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, ya kwao ikaenda pia, na mwana ni raia. Baba hatimaye akapata kibali akaenda Leicester, akafia huko. Mwana akabaki amepanga vyumba viwili nyuma ya duka lililokuwa lao, akiuza uzi na vifungo, na akafia hapa Tanga na sisi ndio tuliobeba kuni za kumchomea kwa desturi yao.

Sikwambii binti yangu yupi alifanya vizuri. Nimewaza miaka hamsini sijapata. Nakwambia tu kwamba nchi zote mbili ziliwahi kuwageuka, na kila mmoja alibaki na kile alichokipenda kabla karatasi haijaandikwa. Mama yako muulizaji mzuri sana. Mpe salamu zangu, kama ni mtu wa Makorora lazima tunajuana kwa sura.

BintiMakorora:
Shikamoo babu. Mshukuru na mjukuu. Mama anasema mlango wa bluu anaukumbuka.

Mzigua_Handeni:
Naomba niongeze kidogo kwa vile mkoa ni wetu. Kuna watu hapa Handeni, Chogo, ukiwasikia wanaongea Kizigua cha mababu, maneno mengine sisi wenyewe tumeshayasahau. Mababu zao walichukuliwa pwani hii karne ya 19 wakauzwa Somalia, wakalima kule bonde la mto Juba vizazi na vizazi, Kizigua hawakukiacha. Vita vya Somalia vya miaka ya tisini vilipowafukuza, wengine walikimbilia hapa, wakawekwa Mkuyu halafu Chogo, na baadaye wakapewa uraia wa Tanzania. Bibi yangu alipowasikia wanaimba alikaa chini akalia, akasema hawa ni wetu, walikuwa wapi.

Kwahiyo dada ukiulizwa na mama siku ukifa utakuwa wa wapi, mimi naona lugha na watu wanaojua jina la bibi yako ndo wanaokujibia. Lakini nao wale miaka yote zaidi ya mia hawakuwa na mlango wa kurudi mpaka waliporudi kama wakimbizi. Mlango ukiwa nao mkononi usiutupe kirahisi. Ndo maana mimi niko upande wa Dada Wa Pangani, jaribu kwanza njia zisizokugharimu kitu.

Mkwakwani_Jukwaa_la_Jua:
Naunga mkono, nabadilisha niliyosema. Sikujua kuna hivyo vibali vingine. Ila muda dada, mkono wa mama haungoji ofisi.

Mwana_Raskazone:
Nami naunga mkono. Na hiyo hati ya Pongwe usiibadilishe jina kwa mtu yeyote, hata kwa dada yako unayempenda. Hasa kwa unayempenda.

BintiMakorora:
Jamani nimerudi baada ya wiki tatu, samahani kwa waliouliza kimya kimya inboksi, nilikuwa na zamu na nilikuwa nafuatilia.

Nimefanya hivi. Nimeomba rekodi ya michango yangu ya pensheni, imekuja kwa posta, nina miezi 107. Nimepeleka maombi ya ile Daueraufenthalt-EU na pamoja nayo nimeandika barua ya kuomba muda mrefu zaidi kwenye kibali nilicho nacho, kwa sababu sijui kipi kitajibiwa kwanza. Barua niliiandika usiku, mara nne nikaifuta kwa vile kila nikifika pale pa kuandika sababu ya safari naandika habari za fundo la kanga, mwisho nikaacha hivohivo, nikaandika kwamba mama yangu anajifunza kufungua fundo na mimi ndiye mwalimu. Nikaambatanisha barua ya daktari wa Tanga imetafsiriwa na mfasiri wa kiapo. Niko tayari kusubiri, ila siondoki mpaka kitu kimoja kiwe kwenye maandishi mkononi.

Fomu ya uraia sijaichana. Nimeiweka kwenye droo pamoja na cheti changu cha kuzaliwa. Dada Wa Pangani alisema nipige hesabu, nimepiga, miaka 15 naifikisha 2029, mama Mungu akimjaalia atakuwa na miaka 71. Ikifika hapo kama nchi yetu imeshaamua vingine nitajua, na kama haijaamua nitakuwa sihitaji kuamua kwa sababu ya kuogopa uwanja wa ndege.

Mtoto nakuja naye, bado hajafikia umri wa shule. Atakaa Makorora, ajifunze kusema shikamoo bila kukumbushwa. Nimemwonyesha kanga, anafunga mafundo kwenye miguu ya meza yote hapa nyumbani.

Jana nimempigia mama kwa video, dada akamwekea simu kwenye meza. Nikamwambia nakuja. Akauliza siku ngapi. Nikamwambia safari hii nimeomba miezi kumi na moja mama. Akanyamaza, nikadhani intaneti imekata. Kumbe alikuwa anahangaika kunyanyua mkono wa kushoto anionyeshe. Umefika mpaka kifuani, haujafika mabegani, mwaka jana ulikuwa unafika mabegani. Akasema, njoo na kanga mpya, hii imeshachakaa kwa kufungwafungwa.

DadaWaPangani:
Mwanangu, maombi yote mawili umepewa risiti yenye tarehe? Kama hujapewa rudi ukadai, usiondoke bila hiyo.

BintiMakorora:
Ya moja ninayo. Ya pili naenda Jumatatu asubuhi kabla ya zamu.

Mzee_wa_Barabara_ya_Nane:
Khanga nzuri zipo barabara ya kumi na mbili, usinunue huko. Ukifika pita nyumbani.